Pepo mbili, chokaa na marando ya jirani

Mwaka wa bustani ya uani hapa Tanga hauanzi Januari. Unaanza Machi, siku zile kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imekata, joto limetuama, majani ya mpapai hayatikisiki, na kusi, upepo wa kutoka kusini, bado haijashika. Mabaharia wa mwambao huyaita majira hayo tangambili. Mwenye bustani naye yumo humohumo: akiwahi sana, jua linamkaushia miche kitaluni, akichelewa, masika yanamkuta na matuta matupu na mvua inaondoka na samadi yote.

Tunaolima uani Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Nguvumali na kwingineko mjini tumejifunza kwa kupoteza miche mingi, na somo lililotugharimu zaidi ni kwamba ushauri wa bustani hausafiri. Maneno yanayofaa Lushoto, kwenye baridi na udongo wenye uchachu, yakishuka huku pwani yanaweza kuua mmea. Anayeijua ardhi yako ni jirani anayelima hatua 20 kutoka mlangoni kwako. Kwa hiyo habari ya mboga na habari ya ujirani nitazisema pamoja, kwani kwenye ua mdogo haziachani.

Tuanze na majivu. Karibu kila anayeanza bustani huambiwa amwage majivu ya jikoni kwenye tuta, eti ni mbolea na ni dawa ya wadudu. Sehemu kubwa ya mji inayokaribia bahari imekaa juu ya matumbawe ya kale, na hata mapango ya Amboni ni mwamba wa chokaa. Ardhi kama hiyo imekwisha kushiba chokaa, na majivu ni ndugu yake. Ukiyaongeza, unayafunga madini ya chuma ardhini, yapo lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Kupima ni rahisi: chimbua udongo wa kina cha kiganja, kiasi cha kijiko cha chakula, uanike ukauke, uweke kwenye kisahani, umiminie siki nyeupe au maji ya ndimu. Ukitoa mapovu, una chokaa ya kutosha, na majivu ya jikoni yapeleke kwingine. Usipotoa povu, majivu kidogo hayadhuru, konzi moja kwa mita moja ya tuta kwa msimu.

Dalili ya chokaa kuzidi huanzia juu: majani machanga yanakuwa manjano, lakini mishipa yake inabaki kijani, jani linakuwa kama wavu. Mndimu huonyesha kabla ya mimea mingine. Yakiwa ni majani ya chini, yaliyokomaa, yamepauka jani zima, hiyo ni njaa ya naitrojeni na dawa yake ni samadi. Watu wengi huchanganya magonjwa haya mawili, wakamwaga urea kwenye mndimu ambao shida yake ni chuma. Mndimu wa namna hiyo unataka mboji nyingi kuzunguka mizizi, au kwa anayepanda upya, shimo la sentimita 60 kila upande lililojazwa udongo mwekundu wa upande wa Muheza, sehemu 2, na mboji sehemu 1.

Tuta la mboga lisizidi mita 1 kwa upana, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kulikanyaga. Samadi iliyoiva ni ndoo 1 ya lita 20 kwa kila mita 2 za urefu, ichanganywe na udongo wa juu, sentimita 15 hivi. Mji wetu una wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo samadi haikosekani. Kasoro yake ni kuletwa mbichi. Ilundike, uifunike kwa makuti au nailoni, uigeuze kila wiki 2, na uiache miezi 2 hadi 3. Iliyoiva haina harufu ya zizi, haina joto ukiingiza mkono katikati, na huwezi tena kutambua majani yaliyoliwa. Ya kuku ni kali zaidi: nusu ya kiasi hicho inatosha, na kwenye kitalu isiingie kabisa. Majirani watatu wanne wakichanga kirikuu moja (gari dogo la mizigo) ya samadi na kuilundika ua mmoja wenye nafasi, kila mmoja anapata iliyoiva kwa bei ndogo, na kazi ya kugeuza inagawanyika.

Kuna vitu viwili vya bure vinavyowaponza wageni wa bustani. Cha kwanza ni makumbi ya nazi. Ni mazuri mno kwa kushika maji kwenye ndoo na viroba, lakini yale yaliyokuwa yamefukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kamba yameshiba chumvi. Yaloweke kwenye maji matamu usiku kucha, uyamwage, urudie mara 3. Cha pili ni mabaki ya mkonge. Yakiwa mabichi yana uchachu, na mtu aliyekwishajua habari ya chokaa hushawishika kuyatia moja kwa moja ili chokaa ipungue. Asifanye hivyo. Yataunguza mizizi kabla hayajabadili udongo. Yachanganye kwenye lundo la mboji na samadi, uyaache mpaka yawe meusi na ya kuvurugika.

Masika yakishika, kilele chake huwa Aprili na Mei, kazi kubwa inakuwa kuondoa maji. Inua matuta yafike sentimita 30 na uchimbe mfereji kati yake, ukielekea mbali na msingi wa nyumba na mbali na ua wa mwenzako. Hilo la mwisho limevunja ujirani kuliko kuku wanaozurura. Afadhali mkakae pamoja Februari, kabla ya tone la kwanza, mkakubaliane maji yapite wapi. Mpapai upandwe kwenye kichuguu cha sentimita 40, kwa sababu mizizi yake ikikaa ndani ya maji siku 2 huoza, na mti huanguka wiki kadhaa baadaye wakati wewe umesahau mvua yenyewe. Samadi usiiweke juu ya tuta katikati ya mvua kubwa. Subiri zipungue, kisha rudishia konzi 2 kwa kila mmea, maana kilichokuwemo kimeoshwa.

Hii ndiyo miezi ya tembele, mlenda na kunde za majani, na mchicha nao huota upesi ingawa mvua nzito huulaza. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama vumbi: changanya kijiko 1 na vijiko 5 vya mchanga mkavu, unyunyize kwenye mistari ya sentimita 20, uifukie kidogo sana, nusu sentimita, uweke kuti juu kuzuia sisimizi na matone. Kuti liondolewe jioni ya siku mbegu zinapochomoza, kwa kawaida siku ya 3 hadi ya 5. Likiachwa siku 2 zaidi, miche inarefuka, inapauka, kisha inaanguka shingoni. Hicho ni kinyausi, na kikishaingia kitaluni hakuna cha kuokoa. Ng'oa, acha udongo uone jua, panda upya kwa nafasi kubwa zaidi.

Tembele halinunuliwi, huombwa. Marando, yaani mashina yake ya kupandia, yaliyo mazuri ni ncha za sentimita 30, zenye vifundo 4 hadi 6, zilizokatwa asubuhi kwenye mmea ambao haujazeeka. Yalaze kivulini siku 1, uyapande kwa kuyainamisha, theluthi 2 zikiwa chini ya udongo, sentimita 30 kati ya moja na jingine. Baada ya wiki 5 unachuma. Tatizo ni kwamba pamoja na marando husafiri virusi na fukusi. Majani yakiwa madogo, yamejikunja, yana mabaka ya manjano, hayo usiyapokee hata yametoka kwa mtu umpendaye, wala usiyachukue ukayatupe nyuma ya nyumba, kwani inzi weupe na vidukari watayasambaza mtaa mzima. Neno la kusema lipo na halivunji urafiki: “Shoga, haya yamekunjika, nikatie yale ya upande wa kisimani.” Au ukiwa mdogo kwake: “Shikamoo bibi, naomba marando, nichague mwenyewe?” Mwenye bustani anayejali mimea yake hatachukia. Atakwenda mwenyewe kuyang'oa yaliyougua.

Kuanzia Juni kusi inakuwa na nguvu, na kwa walio Raskazone na kando ya bahari inabeba chumvi. Kingo za majani zinaungua rangi ya kahawia, upande mmoja tu wa mmea, ule unaotazama upepo. Watu hujenga ukuta mzima wa mabati kuukinga upepo, na matokeo yake ni mabaya: upepo hupanda juu ya ukuta, ukashuka kwa kuzunguka, ukavunja mibamia iliyo mita chache nyuma yake. Uzio bora ni ule unaopitisha karibu nusu ya upepo. Uzio wa makuti yaliyosukwa kwa mwanya, matete, au safu ya mihogo na milonge wenye kimo cha mita 2 hutuliza upepo kwa mita 10 na zaidi nyuma yake. Na asubuhi baada ya usiku wa upepo wa bahari, suuza majani kwa maji matamu kabla jua halijapanda.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa nazo zisikilizwe kwa mikono, si kwa masikio tu. Mei 2024, wakati Kimbunga Hidaya kikisogelea Mafia na pwani, muda wa kujiandaa ulikuwepo. Upepo mkubwa ukitangazwa, chuma mapapai yaliyoanza rangi, kata nusu ya majani ya mpapai ili usiwe tanga, laza vyungu na ndoo chini, na ushushe kivuli cha makuti kitaluni. Nusu saa inatosha, na kazi ya jirani mzee ifanywe kabla ya yako.

Nyanya ndizo zinazowatesa watu zaidi, na karibu kila mara kosa ni tarehe. Nyanya hutaka usiku wa ubaridi kidogo ili chavua yake ifanye kazi. Usiku wa Februari na Machi hapa Tanga joto huzunguka nyuzi 24, kwa hiyo mmea unachanua sana, maua yanapukutika, na mwenye bustani anadhani ni mdudu. Sia mbegu mwishoni mwa Mei, kitalu kikiwa chini ya paa la nailoni kwa sababu mvua bado zipo. Hamisha mwishoni mwa Juni, miche ikiwa na majani 4 hadi 5. Maua yatakuja Agosti kwenye kipupwe, na utavuna Septemba na Oktoba. Nafasi ni sentimita 60 kwa 50, kila mmea na mti wake wa kujishikiza, na majani yanayogusa udongo yakatwe, kwani bakajani huanzia hapo, matone yanaporusha udongo juu. Mwagilia chini ya shina, usimwagilie majani. Mvua za mchoo zikipita Julai au Agosti, usichume wala kufunga matawi siku hiyo yakiwa majimaji, maana mikono hubeba ugonjwa.

Halafu kuna kitako cheusi. Tunda linaoza upande wa chini, kavu, jeusi, na vitabu husema ni upungufu wa kalsiamu. Mtu wa Tanga akisikia hivyo anatafuta chokaa, kwenye udongo ambao ni chokaa mtupu! Kalsiamu ipo. Inayokosekana ni maji ya kuipandisha kwa utaratibu. Tuta likikauka siku 3, kisha likafurika, tunda linaloota haliipati kwa wakati. Lita 2 kwa mmea kila siku ni bora kuliko ndoo nzima mara moja kwa wiki. Weka matandazo ya nyasi kavu, sentimita 5, na kitako kitakoma kwenye matunda yanayofuata. Yaliyokwisha kuoza hayaponi, yaondoe.

Vidukari hufuata kunde na mchicha karibu kila msimu. Mwarobaini umejaa mitaani: twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia kijiko 1 cha sabuni ya maji ili dawa ishike jani, pulizia jioni, hasa chini ya majani. Jua huivunja nguvu, ndiyo sababu ya jioni, na ndiyo sababu ya kurudia baada ya siku 5 hadi 7. Ikikaa siku 2 kwenye ndoo imwage, tengeneza nyingine.

Vuli zikianza, Oktoba au Novemba, konokono wakubwa wanatoka. Mmoja hula safu ya miche ya mnavu usiku mmoja. Lowanisha gunia kuukuu, litandaze kando ya tuta jioni, alfajiri ligeuze uwaokote kwa mfuko mkononi, kwa kuwa wanaweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu. Mayai yao ni meupe ya manjano, kama punje za mtama mkubwa, yamefukiwa mafungu-mafungu kwenye udongo laini. Yaponde. Usiwamwagie chumvi tutani, utakuwa umeua konokono na ardhi. Kazi hii haina maana ikifanywa na nyumba moja. Mtaa ukichagua jioni 3 mfululizo baada ya mvua ya kwanza, kila nyumba na tochi yake, tofauti inaonekana.

Kisha kaskazi inarudi, Desemba, kavu na yenye joto, na mazungumzo yote yanakuwa ya maji. Tuta la mita 1 kwa 5 linahitaji kama lita 30 kwa siku, yaani ndoo 1 na nusu, nusu yake alfajiri na nusu jioni. Maji ya bomba, yanayotoka Mto Sigi kupitia bwawa la Mabayani, ni matamu lakini ni ya kulipia. Ya visima vingi vya karibu na bahari yana munyu, na hapa ndipo ujuzi unapohitajika. Maharage, karoti, vitunguu na ndimu havivumilii chumvi. Mchicha na spinachi vinavumilia kiasi, mnazi haujali. Maji ya munyu yasiguse majani, yamwagwe mengi kwa mara moja ili yashushe chumvi chini ya mizizi, na ukiona unga mweupe juu ya udongo, okoa ndoo 4 za maji matamu ulioshee tuta hilo. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yapeleke kwenye migomba au mnazi, mboga zisiyaone.

Maji ya paa huokoa mengi kuliko watu wanavyodhani. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 20, ni lita 960, na ukitoa yanayopotea unabaki na kama 800. Mvua ya kwanza ya msimu iache iende, inaosha vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi ya bahari. Pipa lifunikwe kwa chandarua, mbu wasizaliane.

Kuna faida moja ya jua la Januari na Februari. Mizizi ikiwa na vifundo-vifundo kama shanga, bamia na nyanya zikidumaa, hiyo ni minyoo fundo, na udongo wetu wa kichanga huipenda. Lowanisha tuta mpaka chini, litandaze nailoni angavu, isiyo nyeusi, fukia kingo zote kwa udongo, uiache wiki 6. Joto la chini yake huua minyoo ya juu na mbegu za magugu. Nailoni moja ya mita 10 huzunguka nyumba 2 kwa msimu mmoja, ikianza Desemba mwishoni.

Huo pia ni msimu wa safari, harusi na misiba, na bustani ya kaskazi haihimili siku 2 bila mtu. Unayemwachia usimwambie “mwagilia kidogo.” Mwachie kopo lenye alama, andika kwenye kipande cha boksi: tuta la mchicha makopo 20, kila ndoo ya pilipili makopo 2, mche wa mndimu makopo 5 kila siku ya pili. Mwambie achume. Bamia isipokatwa kila siku 2, ikiwa bado ya sentimita 7 hadi 10, inakomaa na mmea unapunguza kuzaa, kwa hiyo anayekula bamia zako ukiwa hupo anakutunzia mmea.

Mbegu zikaushwe kivulini wakati huu hewa ikiwa kavu. Za nyanya, kama Tanya na Tengeru 97, zinarudi vilevile, za chotara hazirudi. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku 2 hadi 3 mpaka utando uachie, osha, anika kwenye sahani, kwani karatasini zinaganda. Adui wa mbegu pwani ni unyevu wa hewa. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, tia robo yake mchele uliokaangwa ukapoa, mbegu ziwe kwenye kitambaa juu yake, andika aina na mwezi. Kila aina iwekwe nyumba zaidi ya 2, nyumba moja ikifurika nyingine inayo. Mwishoni mwa Februari, funga punje 10 za kila aina kwenye kitambaa chenye maji, uzitazame siku 5. Zikiota 8, panda kama kawaida. Zikiota 5, panda mara mbili. Zikiwa chini ya 4, mwagia kuku, ukapige hodi kwa jirani kabla mvua haijashika.